Viti Viwili Tu

Buruburu, Nairobi

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, ila Januari ni ile ile: karo, yunifomu, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za Krismasi.

Acha nikuambie ya wiki iliyopita. Ubani wa kanisani ulikuwa umeisha na Jumapili ni Tokeo la Bwana, sikukuu ya mamajusi kumwona mtoto Yesu, nikatumwa Isli. Mwenye duka, mzee wa Kisomali, akanimiminia kiganjani punje za manjano, akasema hizo ni utomvu wa miti ya kwao Wajir. Kisha akachota gunia lingine, mabonge mekundu yenye weusi. "Hii malmal." Nikalamba kidogo. Chungu! Kumbe ndiyo manemane. Miaka yote nimewafundisha watoto wa katekisimu dhahabu, uvumba na manemane kana kwamba ni vitu vya mwisho wa dunia, na viwili kati ya hivyo vinapanda lori kuja Isli.

Ndani ya matatu, mfuko mapajani na jirani yangu akipiga chafya, nikawa naiwaza Mathayo 2. Herode anawauliza makuhani na waandishi Masihi azaliwe wapi. Wanajibu papo hapo: Bethlehemu, nabii kaandika. Wamepata, lakini hakuna aliyevaa viatu. Na kutoka Yerusalemu walikokuwa si mbali, kilomita kumi hivi, kama kutoka kwangu hadi Westlands. Waliokwenda ni mamajusi, watu wa mashariki wasio na Torati, wenye kusoma nyota tu. (Mathayo hasemi walikuwa watatu, wala hasemi ni wafalme. Hao watatu tumewahesabu kwa zawadi.)

Nimezoea kujiona mwenye nyumba katika habari hiyo, yule anayewakaribisha wageni. Lakini Paulo anawaambia Waefeso kwamba mataifa, yaani wasio Wayahudi, ni warithi pamoja, mwili mmoja. Mataifa ndio nani kama si wewe Mluhya na mimi Mkamba? Tuliingia kwa mlango wa mamajusi. Hatukuwa na haki ya kuzaliwa nayo, tuliitwa tu kama wao.

Sasa ona aibu yangu. Jumuiya yetu ina familia ya Wakongo tangu mwaka jana. Kila Alhamisi tunasali nyumba kwa nyumba, kwao hatujakanyaga. Anayepanga zamu ni mimi. Nilikuwa nasema chumba chao ni kidogo, tusiwasumbue.

Jumapili chetezo kilifuka mpaka kwaya ikakohoa. Baada ya Misa nikamfuata yule mama, nikamwuliza kama Alhamisi tunaweza kuja kwao. Akanishika mikono yote miwili.

"Karibuni sana! Lakini viti ni mbili tu."

Nimeshaazima sita vya plastiki. Ukipita huku kabla ya Alhamisi, niletee ile mikeka yako.

Wako,
Jirani wa zamani