Yah: Malalamiko kuhusu wanga wa kuimarisha karatasi ya mabua ya mpunga

Kikundi cha Watengeneza Karatasi,
Moshi, Kilimanjaro.

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Kemikali za Viwandani,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mlituuzia mifuko ya kilo 25 iliyoandikwa kuwa ni wanga wenye chaji chanya, wa kuchanganywa kwenye rojo la karatasi. Kilichomo ndani si kilichoandikwa nje. Tunadai fedha zetu, na tunaomba msome barua hii hadi mwisho kabla ya kutujibu kwamba tulikosea kupika.

Karatasi yetu ni ya bahasha na vifungashio, kwa mabua yanayotoka kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Mabogini na Chekereni. Nyuzi za mpunga ni fupi, nyingi ni za milimita moja hivi, na zimejaa chembe laini. Nyuzi ndefu kama za mkonge ukitaka ziwe imara unazitwanga zaidi. Mabua hayaendi hivyo. Ukizidisha kutwanga, rojo linagoma kuchuja, karatasi inakaa wavuni kama tope na inachanika ukiinyanyua. Ndiyo maana tunategemea wanga: unashikamanisha uzi na uzi bila kuzuia maji yasishuke.

Lakini lazima uwe wanga unaobaki kwenye uzi. Uzi wa mmea ukiwa majini una chaji hasi, kwa hiyo wanga wa chaji chanya unaung'ang'ania. Wanga wa chaji hasi unasukumwa, unaondoka na maji, tena unazitawanya zile chembe laini nazo zikapita wavuni. Hicho ndicho kinachotokea kwa wanga wenu. Maji yanayodondoka chini ya wavu yamekuwa meupe kuliko tusipotia wanga kabisa, na tone la ayodini ya dukani linayageuza bluu iliyokolea, dalili kwamba wanga umo humo. Kwa kuwa tunayazungusha maji hayo, kesho yake yana povu, utelezi na harufu ya uji uliochacha.

Utaratibu wetu ni huu. Mabua yaliyochemshwa kwa kostiki soda yanasuuzwa mpaka maji yatoke maangavu, maana maji meusi yakibaki yanakula chaji ya wanga wowote. Shabu kidogo inatangulia. Wanga tunaukoroga kwanza kwenye maji baridi, gramu 30 kwa lita moja, tunapasha taratibu huku tukikoroga hadi nyuzi joto 90 mpaka 95, tunaushikilia hapo dakika 20 hadi 30, kisha tunauzimua mpaka asilimia moja. Kwa kila kilo ya nyuzi kavu tunatia gramu 10 za wanga. Uliopikwa hatuulazi; ukipoa na kukaa unaganda.

Ili kupata uhakika tulikata vipande vya upana wa milimita 15 kutoka karatasi za uzito mmoja, zilizokaushwa pamoja, nusu zina wanga wenu na nusu hazina. Kila kipande kilining'inizwa ndoo na kuongezwa maji polepole mpaka kikakatika. Vyenye wanga wenu havikuhimili zaidi ya vile visivyo na wanga.

Kipimo kilichotuondolea shaka ni cha rangi ya methilini bluu, ambayo ina chaji chanya na hivyo hushika kitu chenye chaji hasi. Wanga mbichi unakorogwa katika maji yenye rangi hiyo kidogo, unaachwa utuame, unasuuzwa kwa maji baridi mara kadhaa. Wanga wa chaji chanya hubaki mweupe. Wenu ulishika bluu, na kusuuza hakukuitoa. Hiyo ni dalili ya wanga uliooksidishwa, ambao ni bidhaa nzuri ya kupaka juu ya karatasi iliyokwisha kukauka. Ndani ya rojo ni hasara tupu.

Kijikaratasi cha maelekezo nacho kinapotosha. Kinasema wanga uyeyushwe kwenye maji ya uvuguvugu. Hilo linafaa kwa wanga uliokwisha kupikwa kiwandani tu. Punje mbichi zikitiwa kwenye maji ya uvuguvugu hazipasuki. Zinatua chini ya ndoo zikiwa nzima, na mteja mgeni atadhani mabua yake ndiyo mabovu.

Kwa hiyo tunataka mchukue mifuko iliyobaki kwa gharama zenu na kurudisha fedha yote, ikiwamo ya mifuko iliyotumika. Mzigo ujao uje na cheti chenye namba ya toleo, kiwango cha naitrojeni, mnato na unyevu. Mfuko wenu hauna hata kimoja. Naitrojeni ndiyo inayobeba chaji chanya: wanga wa kazi hii kwa kawaida huwa nayo asilimia 0.2 hadi 0.5, na ule wa kawaida wa mahindi haufiki hapo. Mkibisha, mfuko mmoja haujafunguliwa: tuchukue sampuli mbele ya pande zote mbili, ipelekwe ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Kaskazini, hapo hapo Arusha, na gharama alipe atakayeonekana hana haki.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, tutapeleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na lebo ya mfuko, risiti na vipande vya karatasi.

Wenu katika kazi,

Katibu,
kwa niaba ya Kikundi.