Daktari asiyemwinulia mgonjwa macho

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba daktari aliyemhudumia hakumwinulia macho hata mara moja, bali alikuwa akiandika tangu yeye alipoketi mpaka alipoondoka. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20. Sikusudii kukanusha aliyoyasema. Nadhani daktari huyo si mimi, lakini zipo siku ambazo angeweza kabisa kuwa mimi.

Chuoni tulifundishwa kwamba mgonjwa akiachwa aseme, mara nyingi ataufichua ugonjwa wake kabla hajapimwa chochote. Somo hilo wengi wetu tulilifaulu kwenye mtihani, kisha tukaingia kazini tukalisahau. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha uchunguzi wa mazungumzo yaliyorekodiwa kati ya madaktari na wagonjwa, wakabainisha kwamba mgonjwa alikuwa akikatizwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18. Ajabu ni kwamba haraka hiyo haiokoi muda mwingi. Uchunguzi mwingine, uliofanywa Basel nchini Uswisi na kuchapishwa mwaka 2002, uliwaacha wagonjwa 335 waeleze shida zao bila kukatizwa: wastani ulikuwa sekunde 92, na karibu wanne kati ya kila watano walikuwa wamemaliza ndani ya dakika mbili. Dakika mbili, Mhariri! Ndizo tunazowanyima watu kwa hofu kwamba wakianza hawatanyamaza.

Namkumbuka mzee mmoja aliyekuja kwa maumivu ya goti. Nilimuuliza habari za goti, nikaliandika goti kwenye faili, nikamwandikia na dawa ya goti, huku foleni ikiwa imejaa hadi kwenye korido. Alipokuwa ameshashika kitasa cha mlango aligeuka akasema, "Daktari, na hiki kifua kinachonibana nikipanda ngazi, ni uzee tu?" Nikamjibu, "Hapana, mzee wangu. Rudi ukae." Moyo wake ulikuwa haupati damu ya kutosha, na dawa ya maumivu niliyokuwa nimemwandikia ni ya kundi ambalo mtu mwenye moyo wa namna hiyo hutakiwa kuliepuka. Angekuwa na haya zaidi kidogo, angeondoka na siri yake na dawa yangu, na faili lingeonyesha kwamba amehudumiwa kikamilifu.

Nalitaja faili kwa sababu ndilo linalotutawala. Mfumo wa afya huhesabu kinachohesabika: idadi ya wagonjwa waliohudumiwa, fomu zilizojazwa, madai ya bima yaliyokamilika. Kusikiliza hakuna kisanduku chake. Isitoshe, sisi wenyewe huambiana kwamba kisichoandikwa hakikufanyika, na usemi huo si mzaha, kwani bima haitakilipia na mbele ya mahakama ni vigumu kukithibitisha. Basi macho huenda kwenye karatasi, au siku hizi kwenye kompyuta, na mgonjwa hubaki akizungumza na utosi wa daktari.

Kuna na uchovu. Daktari aliyechoka hata akikutazama hakuoni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu madaktari wa mwaka wa kwanza waliohudumia wagonjwa mahututi huko Boston ulionyesha kwamba makosa makubwa ya kitabibu yalizidi kwa takriban asilimia 36 walipofanya zamu ndefu za desturi, ikilinganishwa na zamu zilizofupishwa. Mimi mwenyewe, mwishoni mwa zamu ya namna hiyo, niliwahi kuandika dozi mara kumi ya iliyotakiwa, na ni muuguzi aliyenipigia simu akaniuliza kwa upole kama nukta ile nimeiweka mahali pake. Nilipoitoa taarifa, uongozi uliniagiza niwe makini zaidi. Hakuna aliyeniuliza nimelala lini.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipopitisha toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, uchovu huu wa kazi haukuitwa ugonjwa, bali uliwekwa miongoni mwa mambo yatokanayo na ajira. Naafiki, maana hapo lawama inatoka kwa mtu inarudi mahali pa kazi. Hata Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari cha tangu mwaka 1948, liliongezewa mwaka 2017 ahadi ya daktari kuitunza afya yake mwenyewe. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi iliitikia mambo haya kwa kutuandalia semina ya kutuliza mawazo, ikapangwa saa ya chakula cha mchana, siku ya kliniki.

Hata hivyo sitaki msomaji wako adhani ninajifichia nyuma ya mfumo. Nina wenzangu wenye foleni ndefu kuliko yangu ambao bado huweka kalamu chini mgonjwa anapoketi, nami nilianza kuwaiga nikiwa nimechelewa, baada ya yule mzee wa goti. Foleni yangu haikurefuka kwa kiasi nilichokihofia. Ila ninachokiweza kwa wagonjwa 30 kwa siku sikiwezi kwa 80, na hakuna semina itakayonifundisha. Ndiyo maana ningependa magazeti, yanapouliza kuhusu majengo mapya na mashine mpya, yaulize pia kila daktari anahudumia wagonjwa wangapi kwa siku na anakaa zamu saa ngapi mfululizo.

Kwa msomaji aliyeandika, nina ombi moja. Ukirudi kwa daktari wako, lile neno ambalo ungelisema ukiwa umeshika kitasa, lianze hilo, hata kama bado ameinamia faili.

Daktari wa magonjwa ya ndani
(Jina limehifadhiwa)