Vinyago viandikwe jina la msitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu vinyago vya Kimakonde, ambavyo tumezoea kuvizungumzia kana kwamba thamani yake yote ni bei anayolipa mtalii pale Mwenge, soko la vinyago la Dar es Salaam.

Simulizi ya asili ya Wamakonde inaeleza kwamba kiumbe aliyeishi peke yake porini alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na usiku sanamu ile ikageuka mwanamke, akawa mkewe. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mfu karibu na mto Ruvuma. Wakahama, wa pili naye akazaliwa mfu, na wa tatu ndiye aliyeishi, walipokwisha kupanda kwenye nyanda za juu zenye vichaka vizito. Kwa watu hawa, basi, uchongaji na makazi ya porini vilizaliwa pamoja. Sishangai kwamba waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na hata wale waliofika Kwale, Kenya, ambako ni mwaka 2016 tu serikali iliagiza wapewe vitambulisho vya taifa, waliendelea kuchonga.

Kitazame kwa karibu kinyago cha ujamaa. Watu wamebebana, huyu juu ya mabega ya yule, wazee, wanawake na watoto, lakini umbo la gogo halipotei. Na fundi hodari mara nyingi huacha karibu na kitako sehemu ya mti mweupe wa nje uliozunguka moyo mweusi, hata mtazamaji akaona ukoo na shina kwa wakati mmoja. Mchongaji aliyeko mjini, mbali na pori la kwao, anakuwa amelisimamisha mezani.

Tatizo ni kwamba mnunuzi haambiwi pori hilo liko wapi. Mpingo, mti wenye moyo mweusi unaochongwa vinyago hivi, huweza kuchukua miaka 70 na zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa, na uhaba wake umewafanya baadhi ya wauzaji wapake miti mingine rangi ya viatu (ukikwaruza kitako kwa ukucha utaiona). Wakati huohuo, huko Kilwa, baadhi ya vijiji vyenye misitu ya mpingo vilipata mwaka 2009 cheti cha uvunaji endelevu cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, kwa hiyo gogo linaweza kufuatiliwa hadi kijiji lilikokatwa.

Napendekeza vyama vya wachongaji, vikisaidiwa na halmashauri za Lindi na Mtwara, vianze kubandika chini ya kila kinyago jina la mchongaji, kijiji na msitu ulikotoka mti. Gharama yake ni ndogo mno, na muuzaji atakayeacha wazi nafasi ya msitu atakuwa amempa mnunuzi sababu ya kuuliza maswali.

Msomaji wako,
Mtwara