Barua ya malalamiko kuhusu kipindi chenu cha tisa: gari la wazi la nguvu farasi 1,200

Tanga,
17 Machi 2025.

Mkurugenzi wa Vipindi,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAKOSA YA KIUFUNDI KATIKA KIPINDI CHA TISA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa umakanika wa magari katika chuo cha ufundi hapa Tanga. Mwezi Januari tulilipia mfululizo wenu wa vipindi 12 vya uhandisi wa magari vilivyotiwa sauti ya Kiswahili, kwa shilingi 85,000. Elfu arobaini nilizitoa mimi. Zilizobaki walichanga wanagenzi wangu 23, wengine wakileta mia tano kila Ijumaa mpaka zikatimia. Tulivutwa na neno moja lililo kwenye tangazo lenu, neno “mafunzo”. Vitabu vya fani yetu karibu vyote ni vya Kiingereza, na nina vijana wenye mikono mizuri kabisa ambao Kiingereza kinawakwamisha. Nilipoona mtu ameamua kuwaeleza injini kwa lugha yao, nilifurahi kweli.

Kipindi cha tisa, kinachohusu Bugatti Veyron Grand Sport Vitesse, gari la wazi la kasi kubwa, ndicho nilichokuwa nakisubiri kuliko vyote. Najua hakuna mwanagenzi wangu atakayefungua injini hiyo. Veyron zote zilizotengenezwa kuanzia 2005 hadi 2015 ni 450, za wazi ni 150 tu, na kati ya hizo Vitesse ni 92. Ila gari hilo linafaa kufundishia. Injini inavyopumua, inavyopozwa, nguvu inavyofika kwenye matairi, gari linavyosimama, yote tunayoyafundisha kwenye lori la Fuso na gari la Noah yamo humo, yamesukumwa hadi pale chuma kinapokataa. Na kwa kuwa halina paa la kudumu, linaleta swali ambalo gari la kawaida halileti: ukishaliondoa paa linaloshika bodi isijikunje, unarudisha vipi ugumu wake?

Tulikitazama Alhamisi, tarehe 20 Februari, kwenye ukuta wa karakana tulioupaka chokaa kwa ajili hiyo. Kesho yake asubuhi nikafunga kwenye jiliwa tabo (turbo) mbovu ya Fuso ili tufuate yale tuliyoyaona. Kijana mmoja akaizungusha feni kwa kidole, akachungulia ndani, akapapasa pande zote mbili, kisha akaniuliza: “Mwalimu, mafuta yanaingilia wapi?” Sikumwelewa. Akanikumbusha kuwa kipindi kilisema zile tabo nne za Vitesse “zinapuliza mafuta ya ziada kwenye injini”. Wenzake kumi na kitu walikuwa wameshaliandika kwenye daftari.

Ndugu Mkurugenzi, tabo haigusi mafuta. Moshi unaotoka kwenye silinda unasukuma feni ya kwanza. Feni ya pili iko kwenye mhimili huohuo, nayo inakandamiza hewa iingie kwenye injini kwa wingi kuliko ambavyo injini ingejivutia yenyewe. Hewa ikizidi ndipo mfumo wa mafuta nao unaweza kuongeza. Makanika anayeamini kwamba tabo inaleta mafuta, gari likikosa nguvu atahangaika na pampu na nozeli siku nzima, kumbe bomba la hewa limechanika. Mteja atalipia nozeli ambazo hazikuwa na tatizo. Haya nayaona kila mwaka kwenye gereji wanakokwenda vijana wetu kufanya mazoezi, na sasa nimelipia kipindi kinachoyaongeza.

Kosa la pili lilinichukulia somo zima kulirekebisha. Msimulizi wenu anasema gari hili lina “nguvu farasi 1,200”, ambayo ni sawa, halafu dakika chache baadaye anasema lina “nguvu farasi 1,500”, na baadaye tena anasema 1,183. Kijana anayesikiliza kwa makini achague ipi? Hiyo 1,500 ni msokoto, yaani nguvu ya kusokota krenki (mhimili mkuu wa injini), inayopimwa kwa nyutoni-mita, na injini hii inaitoa kati ya mizunguko 3,000 na 5,000 kwa dakika. Nguvu farasi 1,200 inapatikana kwenye mizunguko 6,400. Nayo 1,183 ni nguvu ileile moja iliyopimwa kwa farasi wa Kiingereza, ambaye ni mkubwa kidogo kuliko farasi wa Ulaya bara.

Tulipiga hesabu ubaoni, nawe unaweza kuipiga hapo ulipo. Zidisha nyutoni-mita 1,500 kwa mizunguko 5,000, gawanya kwa 9,549, utapata kilowati 785, yaani nguvu farasi kama 1,068. Ukiifuata injini hadi mizunguko 6,400, ambako nguvu farasi ni 1,200, msokoto umeshashuka hadi nyutoni-mita 1,317 hivi. Wanagenzi waliona kwa macho yao kuwa msokoto unaanza kushuka huku nguvu farasi bado zinapanda, na kuna aliyepiga meza kwa furaha. Somo zuri namna hiyo lilikuwa ndani ya kipindi chenu, limelala, na tafsiri ikalizika.

Injini yenyewe mmeiita “V8 mbili zilizoungwa pamoja”, yaani injini mbili za silinda nane. Zingekuwa mbili zingekuwa na krenki mbili. Hii ni injini moja ya lita 8 na silinda 16, na krenki yake ni moja. Silinda zimepangwa nane nane katika mafungu mawili. Ndani ya kila fungu zimebanana kwa pembe ya nyuzi 15 tu, na fungu na fungu yameachana kwa nyuzi 90. Ndiyo maana injini ya silinda 16 ikaenea katika nafasi fupi nyuma ya viti vya watu wawili. Picha ya kipindi inaonyesha krenki hiyo waziwazi, inazunguka mbele ya kamera, huku sauti ya Kiswahili ikisema kitu kingine.

Sasa niseme lililoniuma zaidi. Bawa la nyuma mmeliita “mharibifu wa nyuma”. Naelewa lilikotoka: mtu alifungua kamusi, akaona neno la Kiingereza linatokana na kuharibu, akaandika. Lakini hakuna kijana wa mtaani asiyeijua spoila. Dereva wa bodaboda anaijua. Kama mlitaka Kiswahili kisichokopa, “bawa la nyuma” lipo na linatosha. Na jina hilo mmelipa kifaa ambacho kazi yake kwenye gari hili ni kuokoa maisha. Dereva akikanyaga breki akiwa juu ya kilomita 200 kwa saa, bawa la Veyron linasimama kwa pembe ya nyuzi 55 ndani ya sekunde 0.4, linakinga upepo na kusaidiana na diski za kaboni kulisimamisha gari lenye uzito wa karibu tani mbili. Breki ya hewa kama ya ndege inapotua. Katika jaribio la wiki iliyopita nilimuuliza kila mwanagenzi ataje vifaa vinavyosaidia gari hilo kusimama. Tisa hawakulitaja bawa. Mmoja aliandika kwa mwandiko wake safi: “Mharibifu wa nyuma hupunguza uimara wa gari.” Nilimkosesha alama, na moyo uliniuma, maana alisikiliza vizuri. Alichofundishwa ndicho kilichokuwa kibovu.

Kuhusu paa, msimulizi anasema “linajikunja lenyewe kwa kubonyeza kitufe” wakati huohuo picha inaonyesha watu wawili wakilinyanyua kwa mikono. Paa la gari hili ni kipande kigumu cha polikaboneti (aina ya plastiki) angavu. Linatolewa kwa mkono, na ndani ya gari hakuna mahali pa kuliweka, kwa hiyo ukilitoa unaliacha nyumbani. Mvua ikikukuta njiani, Grand Sport ilikuja na kitambaa cha dharura kinachofunguka kama mwavuli, na ukishakiweka hupaswi kuzidi kilomita 130 kwa saa. Wahandisi hawakulifanya hivyo kwa uvivu. Paa la kujikunja lingeleta mota, bawaba na uzito mahali ambapo kila kilo inahesabiwa. Badala yake waliimarisha vizingiti vya milango na mfereji wa katikati ya chesisi ya nyuzi za kaboni. Hapo ndipo palikuwa na jibu la lile swali langu la bodi kujikunja. Katika tafsiri yenu sehemu hiyo imerukwa yote na kuwekwa muziki.

Mengine nitayapitia haraka. Rejeta 10 za gari hili si “za kiyoyozi”. Ya kiyoyozi ni moja. Zilizobaki zinapoza maji ya injini, hewa inayotoka kwenye tabo, na oili za injini, giaboksi na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu). Gari halikuundwa Italia kama mnavyosema. Ettore Bugatti alizaliwa Milan mwaka 1881, lakini kampuni aliianzisha Molsheim mwaka 1909, na Molsheim leo ni Ufaransa, ndiko Veyron ilikounganishwa, kwa injini iliyotoka Salzgitter, Ujerumani. Na Vitesse haishikilii rekodi ya kasi ya magari ya wazi “mpaka leo” kama mnavyosema. Mwezi Aprili 2013, kwenye njia ya majaribio ya Ehra-Lessien, Ujerumani, dereva Mchina Anthony Liu aliikimbiza paa likiwa limetolewa hadi kilomita 408.84 kwa saa. Mwaka 2016 Hennessey Venom GT Spyder ikaipita kwa kilomita 427. Novemba 2024, huko Papenburg, Ujerumani, dereva Andy Wallace akaendesha Bugatti W16 Mistral kwa kilomita 453.91. Kipindi chenu mmekiuza kwetu Januari 2025.

Nilipiga simu kwenye huduma kwa wateja mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa maoni yangu yamepokelewa. Mara ya pili kijana aliyepokea, kwa heshima zote, aliniambia: “Mwalimu, hivi ni vipindi vya kuburudisha tu, watu wanapenda kuona magari makali.” Simlaumu yeye. Ila tangazo lenu halisemi burudani, na risiti niliyonayo imeandikwa “Elimu na Ufundi”. Ningekuwa nimenunua burudani nisingewaambia wanagenzi waje na daftari. Mtazamaji wa Kiingereza akiambiwa kosa, ana vitabu na vipindi vingine mia vya kulinganishia. Mwanagenzi wangu ana sauti yenu peke yake. Mkimwambia tabo inapuliza mafuta, hana pa kwenda kuuliza isipokuwa kwangu, na mimi siku hiyo ningekuwa naumwa angelibeba kosa hilo hadi gereji.

Msije mkasema Kiswahili hakina maneno. Nendeni gereji yoyote ya Ilala au hapa kwetu Barabara ya Ishirini: watu wanafungua injini asubuhi hadi jioni na hawakosi neno. Krenki, kondirodi, gaskiti, intakula, klachi, rejeta. Mafundi hao wangewasomea hati yenu kwa nusu siku na kuwaonyesha kila palipoteleza.

Naomba, kwa hiyo, kipindi cha tisa kiondolewe sokoni mpaka sauti yake irekodiwe upya, na waliokilipia wapewe toleo sahihi bila kuongeza hata senti. Waliokwisha kukitazama watumiwe ujumbe wa masahihisho, kwa sababu kipindi kikibadilishwa kimyakimya, daftari za watu zitabaki na uongo. Kabla ya kurekodi, hati isomwe na mtu aliyewahi kushika spana. Mkimkosa, mimi niko tayari kuisoma pamoja na ya vipindi vitatu vilivyobaki, bila malipo, jioni baada ya kazi. Kama hamtafanya hivyo, turudishieni shilingi 85,000 zote, nami nitamrudishia kila mwanagenzi alichochanga, orodha ninayo.

Nimeambatanisha kurasa nne zenye dakika na sekunde za kila kosa, maneno yaliyosemwa na maneno yaliyopaswa kusemwa. Wanagenzi wenyewe ndio walioziandaa. Yule aliyeuliza mafuta yanaingilia wapi ndiye aliyechora tabo iliyo ukurasa wa pili, ikiwa na mishale ya hewa kwa wino wa bluu na ya moshi kwa wino mwekundu.

Nasubiri majibu ya maandishi kabla ya tarehe 14 Aprili, siku tunayoanza mada ya kupoza injini. Siku hiyo ningependa kuwaonyesha zile rejeta 10 kwa kipindi chenu kilichosahihishwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Umakanika wa Magari

Nakala: Mkuu wa Chuo, Kiongozi wa Darasa, Mwaka wa Pili.