Wavu wa baharini haujui samaki ametoka mto gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako nichangie mjadala wa uvuvi wa nyavu wa kibiashara na samaki wahamaji. Upande mmoja unadai wavuvi wa nyavu wamemaliza samaki. Upande wa pili unajibu kwamba samaki wapo tele, na takwimu za tani zilizovuliwa zinatolewa kama ushahidi. Kwa samaki kama samoni, tani peke yake haikuambii kitu mpaka ujue wavu ulitegwa wapi.

Samoni huanguliwa mtoni, kwenye maji yasiyo na chumvi. Akishakua kiasi hushuka baharini, huko hula na kunenepa, kisha hurudi kuzaliana. Na harudi popote tu. Hurudi kwenye mto aliotoka, mara nyingi kwenye kijito kilekile. Mwanasayansi Arthur Hasler wa Marekani na wenzake walianza kuonyesha miaka ya 1950 kwamba hatua ya mwisho ya safari hiyo huongozwa na harufu: samaki mchanga hukariri harufu ya maji ya kwao kabla ya kuondoka. Wachache hupotea njia wakaingia mito mingine, lakini ni wachache kweli. Ndiyo maana kila mto una ukoo wake, na ukoo ukikatika, majirani hawaji haraka kujaza nafasi.

Sasa tandaza jarife, yaani wavu mrefu unaosimama majini kama ukuta, huko pwani, mahali ambapo koo zote hizo hupita pamoja. Chukulia mto mmoja una samaki 50,000 wanaorudi, na mwingine una 200. Wavu ukikamata robo, mto mkubwa unabaki na 37,500 na hautikisiki. Mto mdogo unabaki na 150, na kabla hawajataga kuna fisi maji, ndege, ukame na mafuriko vinavyowasubiri. Kwenye ripoti ya msimu, wale 50 waliotoka mto mdogo wamezama ndani ya jumla ya 12,550. Ofisa atasema kwa nia njema kabisa kwamba uvuvi uko ndani ya kiwango. Miaka michache baadaye mto mdogo ni mtupu na hakuna aliyevunja sheria.

Kuna pia suala la wavu wenyewe. Jarife la siku hizi ni la nailoni nyembamba isiyo na rangi, majini halionekani kirahisi. Samaki huingiza kichwa kwenye jicho la wavu, mwili unakwama kwa unene, na akijaribu kurudi nyuma uzi unaingia chini ya kifuniko cha matamvua. Kadiri anavyopapatika ndivyo unavyokaza. Matamvua yakibanwa, maji hayapiti, na samaki hukosa hewa akiwa ndani ya maji. Hata akitolewa angali hai, magamba yamebanduka na ule ute unaomkinga na ukungu na vijidudu umefutika. Wengi wanaorudishwa majini hufa baadaye, mbali na macho ya mvuvi.

Hili ni zito hasa kwenye mto Columbia, Marekani. Huko samaki wengi wa vituo vya kuangulishia hukatwa lile pezi dogo la mgongoni karibu na mkia, ili wa kufugwa ajulikane na wa asili ajulikane. Alama nzuri sana, lakini ina faida gani kama wavu umeshamkaba samaki kabla hujamtazama pezi? Mtego wa uzio, wa nguzo na nyavu zinazomwongoza samaki hadi kwenye chumba anamoogelea mzima, unampa mvuvi nafasi ya kuchagua. Kichekesho ni kwamba wapiga kura wa jimbo la Washington waliipiga marufuku mitego ya aina hiyo mwaka 1934, jarife likabaki. Miaka ya karibuni imeanza kujaribiwa upya kwenye mto huohuo. Kwa maoni yangu ilipaswa kurudi zamani.

Najua nitajibiwa kwamba mabwawa yameua samoni wengi kuliko nyavu. Sibishi. Bwawa la Grand Coulee, lililokamilika mwaka 1942, liliwafungia njia kabisa samaki wa Columbia ya juu. Bahari nayo imebadilika, na samoni wa Atlantiki wanaofanikiwa kurudi ni wachache kuliko zamani. Ireland ilifunga nyavu zake za kuelea baharini kuanzia mwaka 2007, na mito mingi huko bado haijapata nafuu iliyotarajiwa. Lakini samaki wakipungua kwa sababu nyingine, hiyo ni hoja ya kuvua kwa uangalifu zaidi.

Wakati huohuo, sikubaliani na wanaotaka mvuvi wa nyavu afukuzwe mikono mitupu. Orri Vigfússon, mtetezi wa samoni kutoka Iceland aliyefariki mwaka 2017, alilielewa jambo hili. Aliwaendea wavuvi wa Visiwa vya Faroe na Greenland na kuwalipa ili waache kuvua samoni, na akasaidia kuwatafutia kazi nyingine. Ireland nayo ililipa fidia. Ni gharama, ndiyo. Ila anayepoteza mkate kwa faida ya umma anastahili kulipwa na umma. Nina shaka pia na wavuvi wa ndoano wanaoshangilia nyavu zikiondolewa, kisha wao wenyewe wanadai kibali cha kuua samaki walewale waliookolewa. Hao wanataka zamu yao tu.

Bahari kuu ilipata utaratibu wake: azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1991 lilitaka nyavu kubwa za kuelea zisimamishwe kufikia mwisho wa 1992. Karibu na pwani kila nchi inaamua yenyewe, na huko ndiko ninakoelekeza ombi langu kwa wenye mamlaka. Nyavu ziondoke kwenye njia za pamoja za baharini zisogezwe ndani ya mto au kwenye mlango wake, mahali ambapo mvuvi anajua anavua ukoo upi. Hesabu ya kila mto itangazwe kabla ya msimu kufunguliwa. Mto ambao haujafikisha idadi ya wazazi wanaohitajika usivuliwe na yeyote mwaka huo, awe na wavu au ndoano, na fungu la fidia liwe limeshatengwa kwenye bajeti siku tangazo linapotoka.

Wako,
Msomaji