Risala ya Wanasheria Vijana wa Ofisi ya Chake Chake kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kuingia Orodha ya Chambers

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakuu wetu wa kazi, wageni waalikwa, assalaam aleikum.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuvuka bahari kuja kufurahi nasi. Ofisi yetu ilianza na meza moja na karani mmoja. Leo jina lake limo katika orodha ya Chambers, kampuni ya London inayopanga mawakili na ofisi zao kwa ubora wa kazi, upande wa Tanzania, fungu la sheria za biashara. Jambo hili si dogo, Mheshimiwa: Pemba nzima imepanda daraja.

Orodha hiyo hainunuliwi. Watafiti hupelekewa maelezo ya kazi zilizofanywa na majina ya wateja wasiozidi 20, kisha huwauliza wateja wenyewe: wakili huyu anaijua sheria? Anajibu kwa wakati? Hapo ndipo penye shida yetu, na ndipo ilipoanzia risala hii.

Ardhi, usajili wa kampuni na uwekezaji si mambo ya Muungano. Anayetaka kuwekeza Micheweni, hapa Pemba, hapewi jibu kutoka kitabu cha Bara; anahitaji Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, ya Kampuni ya 2013 na ya Uwekezaji ya 2023, pamoja na marekebisho yake. Marekebisho hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, nasi hatuna seti iliyokamilika. Kila swali zito linampandisha mwenzetu boti hadi Unguja, na mteja anasubiri.

Chumba cha maktaba tumeshakitenga na kukipaka rangi kwa fedha zetu, nacho kitakuwa wazi kwa mavakili, makarani wa mahkama na wanafunzi wa sheria wa kisiwa hiki. Mgeni rasmi wa mwanzo alipima ukuta kwa mikono yake akaahidi rafu. Aliyemfuata alitwambia vitabu viko bandarini. Tuliwapigia makofi ya dhati, tukawaandikia barua za kuwakumbusha, nakala tumeziambatanisha. Hadi leo hakijafika hata kijitabu.

Kwa unyenyekevu tunaomba seti kamili ya sheria za Zanzibar na Gazeti Rasmi, hukumu za Mahkama Kuu zilizochapwa, rafu, na kompyuta mbili zenye intaneti. Tunajua shughuli zako ni nyingi, Mheshimiwa. Kwa hiyo utakaposimama kutujibu, tunakuomba ututajie mwezi, na afisa tutakayemfuata.

Tunaomba kuwasilisha.