Ushauri nasaha kwa wenye kiwewe upimwe kwa nafuu, si kwa mahudhurio

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niulize swali ambalo sisi washauri nasaha hatupendi kuulizwa: je, watu tunaowahudumia baada ya ajali, ukatili au msiba hupata nafuu kweli, na wakiipata, ni sisi tulioileta?

Katika kituo kimoja nilichowahi kujitolea, fomu ya ripoti ilikuwa na safu tatu tu, jina, tarehe na sahihi, na kila mwisho wa mwezi tulizijumlisha sahihi hizo tukaziita mafanikio. Mama mmoja kila nilipomuuliza hali alinijibu, "Naendelea vizuri, mwanangu," kwa kuwa hakutaka kunivunja moyo. Jirani yake ndiye aliyenieleza kwamba bado alikuwa akilala na taa ikiwaka na kushtuka usiku akipiga mayowe.

Kupima inavyopasa kunawezekana hata penye shida kubwa. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kivu, mashariki mwa Kongo, kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Vijiji vilipangwa kwa kura: katika baadhi yake wanawake walipata tiba ya kikundi iliyowasaidia kuzichunguza fikra walizobaki nazo baada ya tukio, kwa mfano kujilaumu, na katika vingine walipata msaada wa mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika kundi la kwanza na asilimia 42 katika la pili. Linalonishughulisha zaidi ni kwamba kundi hilo la pili lilianza na asilimia 83. Lingepimwa peke yake, wahudumu wake wangejipongeza kwa kupunguza tatizo kwa nusu, wasijue kwamba ipo tiba inayofanya zaidi.

Kwetu nako kuna funzo. Utafiti wa watoto 640 waliofiwa na wazazi, Tanzania na Kenya, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa mwaka mmoja baada ya tiba, watoto waliotibiwa Kenya walikuwa bado na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma za kawaida, ilhali kwa Tanzania watoto waliopata huduma za kawaida walikuwa sawa na wenzao waliotibiwa. Matokeo ya namna hii hayapendezi kwenye ripoti ya mfadhili, lakini ndiyo yanayotufundisha kazi.

Ombi langu kwa wasimamizi wa huduma hizi ni kwamba maswali yaleyale yaulizwe kabla ya tiba na miezi 6 baadaye, tena yaulizwe na mtu asiyekuwa mshauri wa mhusika. Kundi la kulinganisha halihitaji fedha nyingi, kwa maana washauri ni wachache na kila kituo kina foleni ya wanaosubiri zamu; hao wanaweza kupimwa wakati wakisubiri, mradi wenye hali mbaya wahudumiwe kwanza bila kura, na zamu ya waliobaki ipangwe kwa kura.

Mshauri nasaha,
Morogoro